Hapa Panaitwaje?

Mwisho wa mwaka unapokaribia, barabara zetu hujaa watu warudio kwao. Baba afanyaye kazi mjini hukusanya akiba yake, mama hufunga mizigo, watoto hufunga shule, na jamaa nzima huondoka alfajiri kwenda kuwaona babu na bibi. Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na mtoto asiyejua nyumbani kwa babu yake ni kama mche uliopandwa katika kopo. Lakini leo hatutaki kusema habari za kule watu waendako. Twataka kusema habari za njia yenyewe, na za mahali pengi ambapo jamaa zetu hupita kana kwamba wamefumba macho.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, maana mhubiri asiyejihubiri kwanza huwachosha watu bure.

Miaka michache iliyopita, mara baada ya Noeli, tulisafiri kwa motokaa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza pamoja na kaka yetu, mkewe na watoto wao watatu. Mama yetu mzazi alikuwa mgonjwa, naye alitungoja. Kwa hiyo tulikuwa na haraka. Mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka saba, kila alipoona nyumba mbili tatu kando ya barabara aliuliza, "Baba Mdogo, hapa panaitwaje?" Mwanzoni tulimjibu kwa furaha. Tulipokwisha kuipita Manyoni, jua limekuwa kali na mgongo waturuma, akauliza tena. Tukamjibu kwa ukali, "Hapa hapana jina. Hapa ni njia tu." Mtoto akanyamaza.

Haukupita muda mrefu gurudumu likapasuka, na tulipotoa lile la akiba tukaliona halina upepo. Kaka yetu akapata pikipiki ya kumchukua mjini pamoja na magurudumu yote mawili, nasi tukabaki kumngoja kwa muda wa saa tatu. Ndipo akatujia mama mmoja mzee kutoka shambani. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, naye alikuwa akipanda. Akaliacha jembe lake kwa ajili yetu. Akatuletea vigoda chini ya mti, akatuletea maji ya kunywa, kisha akatupikia ugali wa mtama na mlenda, bila ya kutuuliza sisi ni nani. Tulipokwisha kula, mtoto akamwuliza yeye lile swali tulilokataa kulijibu: "Bibi, hapa panaitwaje?"

Yule mama akataja jina la kijiji chake, akasema, "Mjukuu wangu, hapa ndipo nilipoolewa. Kisima hiki ulichokunywa maji yake alikichimba babu yako. Naye amelala pale, penye mti ule, pamoja na watoto wangu wawili."

Wasomaji wetu wapenzi, tuliona haya. Mahali tulipopaita njia tu palikuwa maisha yote ya mtu: arusi yake, jasho lake, na makaburi yake. Jina la kijiji kile hatuliandiki hapa, ili kila msomaji atie jina la kijiji chake mwenyewe, ambacho watu wengine hukipita kila siku wakisema kwamba hapana kitu.

Hebu tufikiri juu ya Jamaa Takatifu. Injili ya Mtakatifu Luka yatuambia kwamba wazazi wa Yesu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Paska. Kutoka Nazareti hata Yerusalemu ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, nao walikwenda kwa kundi, pamoja na jamaa na jirani. Katika Zaburi ziko kumi na tano, tangu ya 120 hata ya 134, zilizokuwa nyimbo za watu waliopanda kwenda katika mji ule mtakatifu. Safari ile, basi, ilikuwa ni sala na ni shule pia. Na aliyesoma katika shule ile ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Alipokuwa mtu mzima akaanza kufundisha, maneno yake yalijaa mambo ayaonayo msafiri mwenye macho: mpanzi na mbegu zake, mtini wenye kuchipuka, mchungaji na kondoo, na mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko.

Tena kulikuwa na nchi moja ambayo Wayahudi waliidharau, nayo ni Samaria. Bwana wetu aliipita nchi hiyo mchana, amechoka kwa safari, akaketi penye kisima karibu na mji wa Sikari, akaomba maji kwa mwanamke wa pale pale. Mwenye kuziumba bahari alikubali kuwa mgeni mwenye kiu! Na watu wa mji ule walipomsihi akae kwao, alikaa siku mbili. Kwa wengine Samaria ilikuwa njia tu. Kwa Bwana wetu ilikuwa mahali, penye watu wenye majina na wenye roho.

Basi tuifuate tena njia ile ya Mwanza, tukiwa na macho ya namna hiyo. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100. Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao White Fathers, waliianza kwa miguu kutoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, pamoja na wapagazi wao wengi. Mmoja wao, Padre Joachim Pascal, akafariki njiani mwezi wa Agosti. Waliokuwa wakienda Nyanza walifika pwani ya ziwa mwaka ule ukiisha. Waliyoyapita kwa miezi sita, sisi twayapita kwa siku moja au mbili. Na tangu mwaka 2024, mtu aweza kufika Dodoma kwa gari moshi la umeme kwa muda wa saa chache tu. Mwendo wa haraka ni zawadi, nasi hatuukatai. Lakini yafaa tujiulize kama macho yetu yaona zaidi kuliko yao, ama yaona kidogo.

Ukifika Morogoro, uitazame milima ya Uluguru. Wako ndege wa aina fulani wasiopatikana mahali pengine popote duniani ila katika misitu ya milima hiyo. Tena wewe mwenyeji wa Dar es Salaam, fahamu kwamba huoni mlima wa kigeni. Mito ishukayo pale huingia katika mto Ruvu, na Ruvu ndio unywao maji yake nyumbani kwako. Waluguru watunzao misitu ya milima ile wakutunzia wewe kikombe chako. Je, umepata kuwaombea hata mara moja?

Mbele kidogo, upande wa Dakawa, ipo kumbukumbu ya Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu, aliyefariki pale kwa ajali ya motokaa tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Hapo dereva na apunguze mwendo, na baba awasimulie watoto habari za mtu yule aliyeogopwa na wala rushwa na walanguzi. Kisha jamaa yote isali sala fupi kwa ajili ya wote waliokufa katika barabara zetu. Roho ngapi zimeitwa mbele ya Mungu bila kutazamia, kwa sababu dereva mmoja alitaka kuokoa nusu saa!

Ukiipita Gairo wafika Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi. Mjini unga huja katika mfuko, na mtoto adhani umezaliwa dukani. Mwonyeshe magunia na watu wayabebao migongoni. Ataijua vizuri zaidi maana ya kuomba mkate wa kila siku.

Penye Mbande njia nyingine yachepuka kwenda Kongwa. Hapo pana fundisho kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakaletwa kwa wingi, na fedha zikamwagwa, zaidi ya paundi milioni 30. Mwaka 1951 jambo lote likaachwa. Kwa nini? Mvua za pale hazikutosha, na udongo ule jua lilipouchoma uliwa mgumu kama tofali. Wenyeji walizijua mvua zao na udongo wao tangu mababu. Lakini wakubwa wale waliiona ardhi tupu tu, tayari kwa mipango yao. Asiyetaka kupajua mahali, mahali penyewe patamfundisha, na ada yake ni kubwa.

Kisha ni Dodoma, makao makuu ya nchi yetu kwa azimio la mwaka 1973. Wasafiri wengi huona ukame tu. Lakini katika ukame huo huo mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, na mibuyu husimama pale tangu kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Katika nchi hiyo Wagogo waliotunga nyimbo za sauti nyingi wamewashangaza walimu wa muziki wa nchi za mbali. Na marehemu Hukwe Zawose alizipeleka nyimbo hizo Ulaya na mahali pengine pengi. Mungu hakuinyima nchi kavu. Ameipa matunda yake na wimbo wake.

Baada ya Bahi na mashamba yake ya mpunga, barabara yapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni. Upande ule ndiko wapagazi wa zamani walikokuita Mgunda Mkali, kwa sababu ya pori refu na kiu. Walikuwa na haki ya kunung'unika, maana walibeba mizigo mabegani. Sisi tuketio juu ya viti laini tuna haki gani? Na Singida yenyewe yatungoja mbele, pamoja na majabali yake, maziwa yake ya chumvi ya Singidani na Kindai, na mashamba ya alizeti ya Wanyaturu. Chupa za mafuta zilizopangwa kando ya njia ni karo ya shule ya mtoto wa mtu.

Tukivuka Sekenke, twapita karibu na migodi ya dhahabu. Dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitumia mwaka 1916 kupigia sarafu huko Tabora wakati wa vita, sarafu yenye picha ya tembo. Tena twafika Shinyanga, nchi ambayo miti yake ilikatwa hata watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kazi hii haikuleta akili ngeni ikadharau ya wenyeji. Iliirudia desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti ipate kupumzika na kuota. Leo mamia ya maelfu ya hekta yamepata miti tena. Linganisheni Kongwa na Shinyanga, ndugu wasomaji, mtaona tofauti kati ya kupita juu ya mahali na kupasikiliza.

Mwisho twaona mawe ya Mwanza yaliyopandana kwa namna ya ajabu, na maji ya Nyanza. Huko Bukumbi Wamisionari walijenga misioni mwaka 1883. Imani ya jamaa nyingi za nchi hiyo ilifika kwa njia ile ile tuliyoichoka sisi kwa siku moja.

Haya tumeyasema kwa sababu twaogopa dhambi moja ambayo watu hawaiungami, kwa kuwa hawaioni kuwa dhambi. Ni dhambi ya dharau. Yaanza kwa maneno madogo ndani ya motokaa: "Hapa pana nini? Watu wa hapa ni washamba. Watu wa hapa ni wavivu. Kabila la hapa ni hivi na hivi." Baba asema, mama acheka, na watoto walio nyuma wayameza yote. Watoto hao watakuwa waganga, walimu, mahakimu na mapadre. Siku moja watatumwa kufanya kazi katika wilaya ile ile waliyoizoea kuicheka, nao watakwenda na moyo uliokwisha kufungwa. Mwalimu aonaye kijiji kuwa adhabu hawezi kuwapenda watoto wa kijiji hicho. Twajua twasema nini, maana hata sisi mapadre tumepata kunung'unika kwa kupangiwa parokia iliyo mbali na mji.

Nathanaeli naye alitia shaka kama kitu cha maana chaweza kutoka Nazareti. Hakujibiwa kwa hoja ndefu. Aliitwa aende akaone. Alikwenda, akaona, akawa mfuasi. Nazareti kilikuwa kijiji kidogo kisicho na sifa. Laiti Yosefu na Maria wangaliona haya kwa sababu ya kijiji chao! Mwokozi aliishi pale karibu miaka thelathini, na watu waliopita njia ya karibu hawakujua wamempita nani.

Basi tufanye nini? Twawashauri wazazi mambo machache, ambayo hayataki fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kuondoka, jamaa isali pamoja, na dereva akumbuke kwamba roho zilizo ndani ya motokaa, na zile zilizo barabarani, ni amana aliyopewa na Mungu. Asiendeshe akiwa amelewa wala akiwa na usingizi.

Pili, watoto wasipewe simu tangu mwanzo wa safari hata mwisho wake. Simu ina mambo yake, lakini kisima na mbuyu vya njiani havitaonekana ndani yake siku ile. Baba na mama wawatajie watoto majina ya mahali. Wasipoyajua, waulize. Kuuliza si aibu, na mwenyeji hufurahi kuulizwa jina la kwao.

Tatu, mkisimama kununua vitunguu, asali au viazi, msalimieni muuzaji kabla ya kuuliza bei. Mkiongea bei, iongeeni kwa haki. Si vizuri mtu aliyetoa fedha nyingi kwa mafuta ya motokaa amgombeze mama maskini kwa ajili ya shilingi mia tano, kisha aondoke akijisifu. Wala msitupe takataka dirishani. Huo uwanja mnaoutupia una mtu aufagiaye kila asubuhi.

Nne, Dominika ikiwakuta njiani, ingieni katika kanisa lililo karibu, hata kama ni kigango chenye kuta za udongo. Mtasikia nyimbo msizozizoea, lakini Mwili wa Bwana ni ule ule. Hapo watoto wataelewa maana ya Kanisa Katoliki kuliko kwa kukariri katekisimu.

Na ninyi mkaao kando ya barabara, hamkusahauliwa. Mgeni asiwe samaki wa kuvuliwa. Msimpandishie bei kwa kuwa amekwama, wala msikimbilie motokaa iliyopinduka kwa kupora badala ya kuokoa. Heshima ya mahali penu imo mikononi mwenu.

Turudi kwa yule mama mzee. Kaka yetu aliporudi na magurudumu, tulitaka kumpa yule mama fedha kidogo, akakataa. Alipojua kwamba twaenda kwa mama yetu mgonjwa, akaingia ndani, akatoka na mtama katika kitambaa, akasema, "Mpelekeeni mwenzangu. Mwambieni nami ni mama." Tulifika usiku sana. Mama yetu alipokishika kile kitambaa akauliza, "Huyu aliyeniletea ni wa wapi?" Sisi tuandikao haya, tuliosoma miaka mingi katika Seminari Kuu, tulikuwa tumekwisha kulisahau jina la kijiji. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyelitaja, wazi kabisa. Tangu siku hiyo mama yetu alikitaja kijiji kile kila jioni mwisho wa Rozari yake, hata Mungu alipomwita mwaka uliofuata.

Hakupata kukiona kwa macho. Lakini alikijua kwa jina, akakiombea, na sisi tuliopita katikati yake tungalisahau kama si mtoto.

Ndugu wasomaji, safari ya mwisho wa mwaka huu i karibu. Mtoto akiuliza hapa panaitwaje, msimnyamazishe. Mwambieni jina, au simamisheni motokaa mkamwulize mwenyeji. Na Mtakatifu Yosefu, aliyeiongoza Jamaa Takatifu hata Misri na kuirudisha Nazareti, awaombee mfike salama ninyi nyote, nanyi mwaombee wale wote mnaowapita.